Kipimo Kilichotangulia na Kipimo Kilichochelewa: Historia ya Metali Nzito katika Mazao, kutoka Ardhi Zilizokaushwa za Pwani hadi Mashamba ya Ihanja, Singida

Ikisiri

Insha hii inafuatilia namna maarifa kuhusu ufyonzwaji wa metali nzito katika mazao yalivyojengeka tangu karne ya 19, na inauliza maarifa hayo yana maana gani kwa wakulima wa Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Hoja yake ni mbili. Kwanza, kanuni ya kikemia iliyojulikana katika ardhi zilizokaushwa kandokando ya bahari ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi katika nchi kavu yenye migodi ya dhahabu: tope au mwamba wenye salfidi ukifikiwa na hewa, metali zilizolala huamka. Pili, katika visa vya Toyama, Minamata na Bonde la Msimbazi, vipimo vya udongo na mazao vilifanyika baada ya watu kula kwa miaka mingi. Ihanja, kwa nafasi yake ya kihistoria, ingali na fursa ya kupima kabla.

1.0 Utangulizi

Kata ya Ihanja imo katika Wilaya ya Ikungi, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Singida Vijijini mwaka 2012. Iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja na kiasi chake kwa mwaka huwa kati ya milimita 500 na 800. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu, wakulima na wafugaji wa mtama, uwele, mahindi, kunde na alizeti. Kwa mtazamo wa haraka, suala la metali nzito katika mazao ya ardhi zilizotwaliwa kutoka baharini haliwahusu hata kidogo.

Mtazamo huo unapotosha kwa sababu tatu. Ya kwanza ni ya kijiografia. Maji ya sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida hayaendi baharini. Huishia katika mabonde na maziwa ya chumvi yasiyo na njia ya kutokea, kama Singidani na Kindai yaliyo mjini Singida. Pwani, mto hutupa sehemu ya mzigo wake baharini na bahari huuzimua. Katika bonde lililofungwa, kinachoshuka na maji hubaki bondeni, na jua hukikoleza mwaka hata mwaka. Ya pili ni ya kiuchumi: Singida ni mkoa wa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na uchimbaji huo umepata nguvu mpya katika karne hii. Ya tatu ni ya kilimo: zao la biashara linaloutambulisha mkoa, alizeti, ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa sana duniani kwa uwezo wake wa kufyonza metali kutoka ardhini.

Kwa madhumuni ya insha hii, metali nzito ni zile zinazotajwa zaidi katika afya ya chakula, yaani risasi, kadimi, zebaki na urani, pamoja na aseniki ambayo kwa mazoea huhesabiwa nazo. Shaba na zinki zitatajwa pia, ingawa mimea na wanyama huzihitaji kwa kiasi kidogo. Ufyonzwaji maana yake ni safari ya metali kutoka udongoni au hewani hadi ndani ya mmea. Neno hili linapaswa kutofautishwa na uwepo tu wa metali udongoni. Udongo unaweza kuwa na metali nyingi na zao likawa salama, na unaweza kuwa na kiasi kidogo na zao likawa na madhara. Historia inayofuata kwa sehemu kubwa ni historia ya watafiti kulielewa jambo hilo.

2.0 Pwani kama Darasa la Kwanza

Uholanzi ndiyo nchi iliyokausha maji kwa mapana kuliko nyingine za Ulaya. Mwaka 1852 kazi ya kulikausha ziwa la Haarlemmermeer, karibu na Amsterdam, ilikamilika kwa pampu za mvuke, na maelfu ya hekta za tope zikawa mashamba. Wakulima wa Kiholanzi walikuwa wakijua tangu zamani kwamba udongo wa namna hiyo una tabia ya kugeuka. Katika baadhi ya maeneo, tope lililokuwa jeusi na laini chini ya maji lilibadilika kuwa udongo wenye madoa ya manjano na uchachu mkali, ambao hauoteshi kitu. Waliuita udongo wa paka, katteklei kwa lugha yao. Katika karne ya 19 mwanakemia J. M. van Bemmelen aliuchunguza udongo wa ardhi hizo zilizokaushwa na kuuhusisha uchachu huo na misombo ya chuma na salfa.

Maelezo yaliyokubalika tangu hapo ni haya. Chini ya maji ya bahari au ya kinamasi, mahali pasipo na oksijeni, bakteria hubadili salfeti kuwa salfidi. Salfidi hushika chuma, na pamoja nacho hushika risasi, kadimi, shaba, zinki na zebaki. Metali hizo hukaa humo kama zilizofungiwa gerezani. Maji yakiondolewa na hewa ikaingia, salfidi huungana na oksijeni, asidi ya salfuriki hutokea, na metali huachiliwa katika maji ya udongo ambayo ndiyo mizizi hunywa. Kwa hiyo kuikausha ardhi si tendo la kuondoa maji peke yake. Ni tendo la kubadili kemia ya udongo wote.

Karne ya 20 iliongeza mzigo juu ya kanuni hiyo. Mto Rhine ulibeba taka za viwanda vya Ujerumani na vya nchi jirani hadi bandari ya Rotterdam. Tope lililochotwa bandarini ili meli zipite lilimwagwa juu ya mashamba ya chini kuyainua, na kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa baraka kwa sababu lina rutuba. Kufikia miaka ya 1970 vipimo vilionyesha kwamba rutuba hiyo ilikuja pamoja na kadimi na metali nyingine. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya 1980 Waholanzi walijenga mwishoni mwa bandari hiyo shimo kubwa maalumu, liitwalo Slufter, la kuhifadhi tope chafu lisifike mashambani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ukulima wa ardhi za mikoko unajulikana hasa katika delta ya Rufiji, ambako wakulima hufyeka mikoko na kupanda mpunga penye maji baridi ya mto. Tofauti yake na Uholanzi ni ya msingi. Mpunga wa Rufiji hukaa majini, na maji yanayosimama huzuia hewa kuingia katika tope. Mkulima anayeacha maji yatawale shamba lake anafanya, pasipo kutumia istilahi za kemia, jambo ambalo vitabu vya udongo hulipendekeza: kutoiamsha salfidi. Hatari huja pale ardhi ya namna hiyo inapozibwa kwa tuta na kukaushwa kabisa.

3.0 Toyama na Minamata: Mazao na Samaki kama Mashahidi

Dunia haikujifunza hatari ya kadimi kutoka maabara. Ilijifunza kutoka mifupa ya wanawake wa mashambani. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, wanawake wa makamo na wazee waliugua ugonjwa uliolainisha mifupa hadi ikavunjika kwa kukohoa tu. Wenyeji waliuita kwa kilio cha wagonjwa wenyewe, itai-itai, yaani "inauma, inauma". Maji ya mto huo yalipita katika mgodi wa Kamioka, uliochimbwa zinki na risasi, kisha yakaingia katika majaruba ya mpunga. Mpunga ulifyonza kadimi, na watu wakala wali kwa miongo.

Mwezi Mei 1968 serikali ya Japani ilitamka rasmi kwamba kadimi kutoka mgodini ndiyo iliyousababisha ugonjwa huo. Walalamikaji walishinda kesi yao mwaka 1971, na rufaa ikathibitisha ushindi huo mwaka 1972. Mwaka 1970 ilitungwa sheria ya kuzuia uchafuzi wa udongo wa mashamba, na kipimo cha mchele kikawekwa kuwa miligramu 1 ya kadimi kwa kila kilo. Baadaye kikashushwa hadi miligramu 0.4. Kazi ya kuondoa au kufunika udongo uliochafuka katika bonde la Jinzu ilianza mwaka 1979 na kumalizika mwaka 2012, ikagusa hekta 863. Miaka thelathini na mitatu ilitumika kulirekebisha shamba ambalo lingeweza kupimwa kwa siku chache.

Minamata, katika kisiwa cha Kyushu, ndiko ardhi iliyotwaliwa baharini na metali nzito zilipokutana kwa namna ya pekee. Kiwanda cha Chisso kilitiririsha metili-zebaki katika ghuba, ikapanda kutoka viumbe vidogo hadi samaki, na kutoka samaki hadi wavuvi. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, lakini serikali haikukiri chanzo chake hadi mwaka 1968. Kati ya mwaka 1977 na 1990, tope lenye zebaki inayozidi sehemu 25 katika milioni lilichotwa au kufukiwa, na hekta 58 za ghuba zikawa nchi kavu. Ardhi hiyo ni bustani ya umma leo. Haikugawiwa kwa wakulima. Huo ni uamuzi wenye mafunzo: mahali penye mzigo wa metali usioondoleka, jamii inaweza kuamua kwamba ardhi itumike kwa jambo lingine lisilo chakula.

Visa hivi viwili ndivyo vilivyozaa viwango vya kimataifa. Mwaka 1972 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kwa mara ya kwanza kiwango cha muda cha kadimi ambacho mtu anaweza kukila kwa wiki. Viwango vya Codex vilivyofuata vimeruhusu kadimi isiyozidi miligramu 0.2 na risasi isiyozidi miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mboga za majani, na kadimi isiyozidi miligramu 0.1 kwa kilo ya nafaka nyingi, mtama na mahindi yakiwemo. Namba hizo zinazoonekana baridi ni mabaki ya maumivu ya watu wa Jinzu na miji mingine.

4.0 Bonde la Msimbazi: Pwani ya Nyumbani

Kwa Tanzania, mahali ambapo suala hili lilichunguzwa mapema na kwa kina ni Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita katika maeneo ya viwanda na makazi, na kuingia baharini penye mikoko karibu na Daraja la Salender. Ardhi ya bonde hilo ni ya mafuriko: kila msimu wa mvua kubwa mto huacha tope jipya, na wakulima hulima juu ya tope hilo.

Kilimo cha bondeni si uzembe wa mipango miji tu. Kina historia ya kisera. Upungufu wa chakula wa mwaka 1974 ulileta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, iliyowahimiza hata wakazi wa mijini kulima kila kipande cha ardhi. Hali ngumu ya miaka ya 1980 iliifanya bustani ya mchicha kuwa sehemu ya mshahara wa familia nyingi. Wakati huohuo mji ulikuwa umekua kiviwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa ushirikiano na China, kilianza kazi mwaka 1968, na vingine vikajengwa kandokando ya Barabara ya Pugu. Majitaka ya mji, pamoja na mabwawa ya kuyatibu yaliyoko Vingunguti, yalielekea katika bonde lilelile lililokuwa likiulisha mji mboga.

Taka ngumu nazo zilikuwa na kesi yake. Mwaka 1988, katika shauri la Joseph D. Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Mahakama Kuu chini ya Jaji Lugakingira iliamuru jiji liache kutupa taka Tabata kwa sababu moshi na uvundo vilihatarisha maisha ya wakazi. Hukumu hiyo hutajwa mara kwa mara kama chimbuko la haki ya mazingira mahakamani nchini Tanzania. Kwa mwanahistoria wa udongo, hata hivyo, kinachofuata baada ya hukumu kina uzito uleule: taka zilihamishiwa Vingunguti, ndani ya Bonde la Msimbazi. Wakazi wa Tabata walipata hewa safi, na tatizo likasogea karibu zaidi na bustani.

Vipimo vilikuja mwishoni mwa muongo uliofuata. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wao kuhusu metali nzito katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na mwaka 2001 Othman akachapisha wake kuhusu mboga na udongo wa bustani za Dar es Salaam. Tafiti hizo zilionyesha kwamba baadhi ya mboga zilibeba risasi na kadimi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Zilionyesha pia kwamba swali la "je, bonde limechafuka?" ni pana mno, kwa kuwa aina ya mboga na mahali ilipolimwa hubadili jibu.

Upande wa risasi, chanzo kimoja hakikuwa mtoni bali barabarani. Petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara, kufuatia azimio la Dakar la mwaka 2001, zilipoiacha kufikia Januari 2006. Majani mapana yaliyolimwa kando ya barabara yalipokea vumbi lake moja kwa moja. Hapa kuna tofauti ambayo kila mtafiti wa mazao hulazimika kuizingatia: risasi iliyo juu ya jani inaweza kuoshwa, lakini kadimi iliyo ndani ya jani haioshwi wala haiishi kwa kuchemshwa.

5.0 Singida: Dhahabu, Zebaki na Mwamba Uliofikiwa na Hewa

Historia ya metali mkoani Singida huanza kuandikwa Sekenke, katika Iramba, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1907 na uchimbaji ukaanza miaka miwili baadaye chini ya Wajerumani. Mwaka 1916, wakati utawala wa Kijerumani ukikaribia kuangushwa vitani, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na kugongwa katika karakana ya reli kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Mgodi uliendelea chini ya Waingereza hadi miaka ya 1950. Kumbukumbu rasmi zilihesabu wakia za dhahabu iliyotoka. Udongo uliobaki haukuwa bidhaa, kwa hiyo haukuhesabiwa kwa bidii hiyo.

Dhahabu ya mwamba mara nyingi huambatana na salfidi za chuma, shaba, risasi na aseniki. Mwamba huo ukiwa chini, hewa haiufikii. Ukichimbwa, kusagwa na kurundikwa juu ya ardhi, hukutana na oksijeni na mvua, na kinachofuata ni kilekile kilichowakuta wakulima wa Haarlemmermeer: asidi, kisha metali zilizoachiliwa. Mkausha ziwa na mchimba dhahabu hawana uhusiano wa kihistoria, lakini wametenda tendo moja la kikemia. Hili ndilo daraja linalounganisha pwani na Ihanja.

Katika karne ya 21 wachimbaji wadogo waliifufua dhahabu ya Singida. Londoni, katika Manyoni, na Sambaru, katika eneo ambalo sasa ni Ikungi, zilivuta watu kutoka mikoa mingi. Mgodi mkubwa wa kisasa nao umejengwa Mang'onyi, wilayani Ikungi, na ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwezi Machi 2023. Ihanja na Mang'onyi ni kata tofauti, lakini ziko chini ya halmashauri moja, soko la mazao ni moja, na mifugo na vibarua husafiri kati yake.

Kazi ya wachimbaji wadogo ina hatua zinazojulikana. Mwamba hutolewa duarani, husagwa kwa karasha, huoshwa mwaloni, kisha zebaki huchanganywa na mchanga uliokolezwa ili iinase dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Kwa makadirio ya kawaida, gramu moja hadi mbili za zebaki hupotea kwa kila gramu ya dhahabu. Mchanga uliobaki, ambao wachimbaji huuita marudio, huuzwa na kuchenjuliwa tena kwa sianidi. Kwa hiyo mzigo huo haukai mahali pamoja. Husafirishwa kwa magari hadi penye matangi ya uchenjuaji, na wakati mwingine matangi hayo huwa jirani na mashamba.

Zebaki ina tabia tofauti na kadimi. Mizizi huishika nyingi isipande juu, na majani huipata zaidi kutoka hewani, mahali donge linapochomwa. Hii ina maana kwamba mchicha au kunde zilizo karibu na kibanda cha kuchomea zinaweza kuwa na zebaki hata kama udongo wake hauna tatizo. Katika miaka ya 1990 J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishirikiana na H. Akagi, mtaalamu kutoka taasisi ya Japani inayochunguza ugonjwa wa Minamata, kupima zebaki katika maeneo ya dhahabu ya Ziwa Viktoria. Kisha Rwamagasa, katika Geita, ilichunguzwa chini ya Mradi wa Zebaki wa Dunia ulioanza mwaka 2002. Maarifa ya Minamata yalikuwa yamefika Tanzania kupitia kanda ya ziwa. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

Urani nayo haiwezi kuachwa. Sehemu za Manyoni na Bahi, kusini mashariki mwa Ihanja, zina madini ya urani karibu na uso wa ardhi, katika mabonde ya mbuga ambako maji hukauka. Fosfeti ya Minjingu, katika Manyara, ambayo hutengenezewa mbolea, pia ina urani kwa kiwango kinachozidi kile cha udongo wa kawaida. Katika nchi ya kati, basi, si kila metali nzito imeletwa na mkono wa binadamu. Mtafiti anayepima baada ya mgodi kufunguliwa hana njia rahisi ya kutenganisha kilichokuwepo na kilicholetwa. Hiyo ni sababu ya kisayansi, na pia ya kisheria, ya kupima kabla.

6.0 Ihanja: Samadi, Alizeti na Mboga Kavu

Mambo matatu ya kilimo na chakula cha Wanyaturu yana uzito katika suala hili, na hakuna hata moja linalofanana kikamilifu na hali ya pwani.

La kwanza ni samadi. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwa Wahi, tawi mojawapo la Wanyaturu, mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza uchumi ambamo ng'ombe na shamba la nafaka vimefungamana kwa samadi. Mboji itokanayo na samadi hushika kadimi na risasi na kuzizuia zisifikie mizizi kwa wepesi. Pia hupunguza kasi ya udongo kuchachuka. Shamba la zamani la Mnyaturu, lililorutubishwa na zizi kwa vizazi, lina kinga ambayo shamba jipya la mchanga lililotegemea mbolea ya viwandani halina. Kinga hiyo si ya milele: mboji huoza, na zizi likihama au mifugo ikipungua, metali zilizoshikwa huweza kulegezwa. Kupungua kwa mifugo kwa hiyo si suala la maziwa na mahari tu, bali ni suala la usalama wa udongo.

La pili ni alizeti. Mmea huu asili yake ni Amerika Kaskazini, na ulikuwa zao la mafuta nchini Urusi katika karne ya 19 kabla ya kuenea kwingine. Umepata sifa ya kuwa msafishaji wa ardhi. Mwaka 1994 alizeti zilioteshwa juu ya maboya katika bwawa lililo karibu na kinu cha Chernobyl, nchini Ukrania, na mizizi yake ilinasa sesi na stronti kutoka majini. Mwaka 1996 mawaziri wa ulinzi wa Marekani, Urusi na Ukrania walipanda alizeti penye kituo cha makombora huko Pervomaysk kama ishara ya amani. Baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, Wajapani walizipanda mashambani kwa matumaini hayohayo, lakini wizara yao ya kilimo ilitangaza mwaka uleule kwamba sesi iliyoondolewa ilikuwa ndogo mno. Sababu ni kwamba katika bwawa metali imeyeyuka majini, na katika udongo wa mfinyanzi imeshikwa. Somo kwa Ihanja liko wazi: haifai kuitegemea alizeti isafishe shamba lililochafuka, kisha mbegu zake zikauzwa kama chakula.

Tafiti za Marekani za miaka ya 1990, hasa zilizohusu alizeti za North Dakota, zilithibitisha kwamba mbegu ya alizeti hukusanya kadimi zaidi ya punje ya mahindi iliyooteshwa katika udongo uleule, na kwamba aina za mbegu hutofautiana katika tabia hiyo. Kadimi haiyeyuki katika mafuta. Mbegu ikikamuliwa, karibu yote hubaki katika mashudu. Mlaji wa mafuta ya Singida analindwa na mashine ya kukamulia. Mashudu huenda kwa ng'ombe, kuku na nguruwe. Katika mnyama, kadimi hujilimbikiza zaidi katika figo na ini. Kwa hiyo, kama kuna mahali pa kuanza kupima katika mnyororo wa alizeti, ni kwenye mashudu. Chupa ya mafuta ingetoa jibu la faraja lisilo kamili.

La tatu ni mboga kavu. Mvua ya msimu mmoja imewafundisha watu wa nchi ya kati kuanika mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga ili yadumu hadi kiangazi. Kiwango cha Codex cha mboga za majani kimewekwa kwa mboga mbichi. Jani likikauka hupoteza maji ambayo ni takriban sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake, lakini halipotezi risasi wala kadimi. Kilo moja ya mboga kavu hubeba kwa kadirio mara kumi ya kilichokuwa katika kilo moja ya mboga mbichi. Vumbi linalotua juu ya mkeka wakati wa kuanika huongeza hesabu hiyo. Anayelinganisha mlenda mkavu wa Ihanja na kiwango kilichotungwa kwa mboga mbichi atapata kosa la upande mmoja. Asiyekumbuka kwamba mlaji hutumia gramu chache tu za mboga kavu atapata kosa la upande wa pili. Kipimo sahihi ni cha sahani, yaani kiasi anacholeta mlaji kinywani kwa wiki.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa ina mpangilio mmoja unaojirudia. Toyama, udongo ulipimwa baada ya mifupa kuvunjika. Minamata, ghuba ilifukiwa zaidi ya miaka ishirini baada ya wagonjwa kutambuliwa. Msimbazi, mboga zilipimwa robo karne baada ya taifa kuwahimiza wakazi wa mji kulima. Katika kila kisa, maarifa ya kemia yaliyohitajika yalikuwepo kabla ya madhara au yangeweza kupatikana kwa gharama ndogo. Kilichokosekana ni wajibu wa mtu fulani kupima mapema.

Tanzania ina nyenzo za kisheria za kuuweka wajibu huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na kanuni za ubora wa udongo zilitungwa mwaka 2007. Upungufu wa nyenzo hizo ni kwamba hutazama eneo la mradi, ilhali marudio, mashudu, mifugo na mboga kavu huvuka mipaka ya mradi. Kwa kata kama Ihanja, ambayo iko ndani ya wilaya ya dhahabu pasipo kuwa juu ya mgodi mkubwa, kipimo cha awali kinachofaa kingehusisha mambo manne: udongo wa mashamba ya zamani yenye samadi na wa mashamba mapya, mashudu ya alizeti kutoka mashine za kukamulia, mboga kavu kabla na baada ya kuoshwa, na tope la mabwawa na mbuga ambako maji huishia. Sampuli hizo zikichukuliwa sasa na kuhifadhiwa, miaka ishirini ijayo mkulima, mwekezaji na mahakama watakuwa na jambo ambalo watu wa Jinzu hawakuwa nalo: ushahidi wa jinsi ardhi ilivyokuwa hapo mwanzo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bonde lisilo na njia ya maji kwenda baharini, ufa huo hauonekani kwa macho, na ukuta wake ni udongo wa kuondolewa na kuletwa mwingine, hekta kwa hekta, kwa miaka thelathini na mitatu.